Kadi Namba 412

Wanaosema kinyongo humzeesha mtu hawakumjua Marinalva Dantas. Alikiweka miaka minne, akakitunza kama watu wanavyotunza mbegu ya mahindi, na miaka hiyo yote alizidi kunawiri. Nilifanya kazi naye chuo kimoja pale Campina Grande tangu sote tukiwa vijana. Mimi ni Severino, wananiita Biu, fundi wa maabara ya mawimbi. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, mengine niliyafanya kwa mikono yangu, wala sijutii.

Nalva alikuwa binti wa mshonaji kutoka Esperança. Aliingia chuoni ana miaka kumi na tisa, mwaka ule ilipoletwa kompyuta kubwa ya kwanza, ile iliyojaza chumba kizima na kuwekewa kiyoyozi kabla hata mkuu wa chuo hajapata chake. Kazi yake ilikuwa kutoboa kadi. Maprofesa waliandika programu zao kwenye karatasi, yeye anazipiga kwenye mashine, mstari mmoja kadi moja, kisha bunda zima linalishwa kompyuta. Baada ya miaka miwili aliweza kuisoma kadi kwa kuinua matundu yake kwenye mwanga wa dirisha. Baada ya mitano alikuwa akimrudishia mtu bunda lake na kumwambia, "Daktari, hapa umegawanya kwa sifuri," na daktari anaondoka anajikuna kichwa.

Hesabu zenyewe alijifunza kwa kudoea. Saa ya chakula cha mchana aliingia darasani, akakaa kiti cha nyuma na kipande chake cha tapioca, chapati ya wanga wa muhogo, mkononi, akasikiliza. Shahada hana hadi leo. Lakini kati ya watu wote wa jengo lile, ni yeye aliyeandika programu ya ngazi.

Niieleze kidogo, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mtu mzima alilowa jasho mwezi wa Juni, na Juni kwetu ni baridi. Kwenye mitambo ya rada na simu za masafa ya juu, wimbi husafiri chini ya ukanda wa shaba uliobandikwa juu ya bamba jembamba. Ukanda ukiwa na upana uleule mwanzo hadi mwisho, hakuna tabu. Tabu iko pale ukanda mwembamba unapokutana na ukanda mpana. Pale ndipo tunapopaita ngazi, na wimbi hujikwaa hapo, sehemu likarudi, sehemu likaendelea. Ili kukokotoa kujikwaa huko unalivunja wimbi katika maumbo mengi, upande huu na upande ule, kisha kompyuta inayaunganisha mpakani. Unavyoongeza maumbo, jibu linayumba, linayumba, halafu linatulia. Likitulia unashukuru Mungu, unakwenda kunywa kahawa.

Na hapo ndipo shetani alipojibanza. Ukichukua maumbo kiholela, jibu linatulia vilevile, tena linatulia kwa heshima zote, ila limetulia mahali si pake. Ukiongeza maumbo linazidi kung'ang'ania pale pale. Nalva alipambana na uongo huo miezi minne, vipimo vyangu maabara vinasema hivi, programu yake inasema vile. Akaja kupata ufumbuzi nyumbani kwao, akimsaidia mama yake kushona magauni ya dansi ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, ile ya Juni. Sketi ile ni pana mno na inaunganishwa kwenye mshipi mwembamba. Mama yake akamtazama anavyobandika marinda ovyo, akamwambia, "Yagawe kwa upana, mwanangu. Ukiyabana tu, sketi itakaa, lakini itakaa upande."

Kesho yake akatoboa kadi mpya. Kama upande mpana ni mara tatu ya mwembamba, basi na maumbo yake yawe mara tatu: thelathini huku, kumi kule. Jibu likatulia palepale vipimo vyangu vilipo. Kadi hiyo ilikuwa namba 412, na juu yake akaweka kadi ya maelezo yenye neno moja tu: MARINDA.

Sasa nimlete Profesa Otacílio Brandão, ambaye hata Jumamosi alivaa tai. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa maabara. Aliichukua programu ya Nalva, akaipeleka kwenye jarida la ng'ambo kwa jina lake peke yake, na pale mwisho, kwenye shukrani, akaandika kwamba anawashukuru wahudumu wa kutoboa kadi. Hata jina hakutaja.

Nalva alimuuliza chumba cha kahawa. Hakumuuliza kwa ukali. Alilishika lile jarida, akasema, "Profesa, hapa jina langu limesahaulika."

Tulikuwa watu kama tisa mle ndani. Profesa akakoroga kahawa yake bila haraka, akatabasamu kama mtu anayemkanya mtoto.

"Bi Nalva," akasema, "tangu lini cherehani ikadai gauni?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, nalisema hilo kwa aibu yangu mwenyewe. Kicheko kilinitoka kabla sijaelewa.  Nalva aliosha kikombe chake, akakifuta, akakirudisha kabatini. Mwezi uliofuata Profesa akamhamishia stoo ya vifaa chakavu, chini kabisa ya jengo, kwa kisingizio kwamba kompyuta mpya haihitaji kadi. Alimtupa kulekule alikotupa mabunda ya kadi za zamani. Kama angekuwa na akili nusu ya anavyojidai nayo, angeyachoma kwanza.

Miaka minne ikapita. Profesa akataka cheo cha juu kabisa, kile ambacho mtu akishakipata anazikwa nacho, na kwa hicho lazima uandike tasnifu na uitetee hadharani mbele ya jopo la watahini watano, milango wazi, yeyote aje. Siku ikapangwa katikati ya Juni. Tasnifu yake ilihusu vichujio, vile vipande vya ukanda wa shaba vinavyopitisha masafa fulani na kuzuia mengine, na vyote vilikokotolewa kwa programu ya ngazi. Kimoja nikapewa nikitengeneze kwa ajili ya kuonyesha siku ile. Kilitakiwa kupitisha gigahezi kumi.

Nikakata shaba kama ilivyochorwa, nikapima kwa hadubini, nikakiunga kwenye mtambo. Kikapitisha tisa nukta tatu. Nikakata kingine. Tisa nukta tatu. Nikaenda kumwambia.

"Umekata vibaya, Biu," akasema bila kuinua macho. "Mkono wako unatetemeka. Punguza cachaça."

Sijaonja pombe tangu nilipomzika kaka yangu, na yeye anajua, maana alikuja mazikoni. 

"Profesa, nimekata viwili, vyote sawa."

"Basi chukua wembe, punguza hizo shaba kidogokidogo mpaka kifike kumi. Kisha andika kwamba kipimo kimekubaliana na hesabu. Kuna jingine?"

Hakukuwa na jingine. Nilichukua nakala ya programu aliyokuwa ameichapisha mwishoni mwa tasnifu, nikashuka nayo stoo.

Nalva alikuwa ameketi kati ya viti vilivyovunjika, anashona. Kila Juni alishonea dansi ya mtaa wao, na stoo hakuna mtu wa kumuuliza. Nikamsimulia. Akaweka sindano kando, akafungua kurasa, kidole kikishuka mstari kwa mstari, mpaka kikasimama.

"Ameitoa," akasema.

"Ametoa nini?"

"Marinda yangu. Mia nne na kumi na mbili haipo." Akarudi mbele, akatafuta, akanisomea kwa sauti ya kuigiza Profesa: "'Tumeondoa kizuizi kisicho na maana, kilichobaki kutoka zama za kompyuta zisizo na uwezo.' Ona huyu. Kizuizi. Ameweka thelathini huku na thelathini kule, jibu limetulia, yeye kapiga makofi."

Nilianza kucheka, naye akacheka, tukacheka mpaka nikaegemea kabati bovu likaniangukia.

"Tumwambie?" nikauliza, nikijifuta machozi.

"Biu, wewe ni mzima kweli?"

"Nilikuwa nakupima tu. Basi tukae kimya, siku ile afeli."

"Kufeli hakunitoshi." Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake. "Akifeli atarudi mwaka ujao. Mimi nataka jina langu kwenye programu yangu. Nataka alitamke yeye, kwa mdomo ule ule, mbele ya watu, na liandikwe, naye atie sahihi."

"Yule? Hatakusifu hata akishikiwa panga."

"Sifa hatanipa, najua." Akakata uzi kwa meno. "Kile ulichokata kama kilivyochorwa, bado unacho?"

"Vipo viwili."

"Kimoja kwangue kama alivyokuamuru. Kingine usikiguse. Uje nacho mfukoni."

Nikamkumbusha kwamba mimi nina watoto watatu na kazi moja. Akaniambia kama naogopa nimpe yeye kipande, atakileta mwenyewe, na hatanichukia. Niliona heri anichukie kuliko aniambie hivyo. Nikasema nitakileta.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Nyuma kabisa meza ilikuwa imekwisha kuandaliwa, bakuli za canjica, uji mzito wa mahindi wenye mdalasini, keki ya mihogo, chupa za kahawa, kwa sababu kwetu hakuna aliyewahi kufelishwa hadharani, na wapishi wanalijua hilo. Profesa alizungumza kwa saa nzima. Nikawasha mtambo, nikaunga kichujio kilichokwanguliwa, kilima cha mwanga kwenye kioo cha mtambo kikasimama penye kumi kama mwanajeshi. Watahini wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Dokta Werneck, mzee mmoja mkavu aliyeletwa kutoka Rio, alisema kwamba ni nadra kuona hesabu na kipimo vikipatana hivi. Profesa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kununua.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu ukumbini mwenye neno. Aliuliza akiwa amekwisha kuinuka nusu kiti, maana ni desturi tu, na tangu chuo kijengwe hakuna aliyewahi kuwa na neno.

"Mimi ninalo," akasema Nalva.

Alikuwa amevaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe. Vichwa vikageuka. Profesa alimwona, akatabasamu lile tabasamu la chumba cha kahawa.

"Ni mtunza stoo wetu," akawaeleza watahini.

"Swali langu dogo, Profesa. Kwenye ngazi ya kichujio hiki, upande mpana umechukua maumbo mangapi?"

"Thelathini."

"Na mwembamba?"

"Thelathini."

"Na upana unazidiana mara ngapi?"

"Mara tatu. Bi Nalva, haya yote yameandikwa."

"Nimeyasoma. Sasa kwa nini ni sawasawa?"

"Kwa sababu kompyuta ya sasa ina uwezo," akasema, akimwangalia mwenyekiti kuomba huruma. "Na kwa sababu jibu lilitulia."

"Lilitulia wapi?"

Wengi hawakuelewa. Lakini nilimwona Dokta Werneck akiweka kalamu chini, akafungua tasnifu kurasa za mwisho, akaanza kutafuta kwa kidole, kama vile Nalva alivyotafuta. Alipofika, akavua miwani.

"Mtahiniwa," akasema, "huu ni mtego ambao yeyote aliyeandika programu ya namna hii ameumia nao walau mara moja. Mimi mwenyewe niliumia. Ukichukua sawasawa hapa, jibu lako ni la uongo. Ila sielewi. Kipimo kimetokaje kumi?"

Nikasimama.  "Kimetoka kumi kwa wembe, Daktari," nikasema. "Niliamriwa nikikwangue. Kilichokatwa kama kilivyochorwa ni hiki."

Nikakitoa mfukoni, nikakiunga. Kilima cha mwanga kikahamia tisa nukta tatu, kikakaa. Kule nyuma mtu wa jikoni akaanza kufunika bakuli.

Profesa alilowa jasho. Tai ilimkaba, akailegeza. Dokta Werneck hakumpa nafasi ya kupumua.

"Programu hii aliiandika nani?"

"Ni kazi ya maabara yetu, kazi ya pamoja ambayo..."

"Nauliza mkono. Aliyeiandika kwa mkono wake asingeweza kuanguka shimo hili. Ni wewe?"

Hapo ndipo nilipoelewa mahali Nalva alipomweka. Akisema ni yake, ujinga ni wake. Akikaa kimya, ni vilevile. Nilimwona akizungusha macho ukumbi mzima akitafuta mtu wa kumtupia, na macho yakatua kwenye gauni la buluu. Uso ukamchangamka kama mtu aliyeona mlango.

"Aliandika huyu," akasema, akinyoosha kidole. "Marinalva Dantas. Mwanzo hadi mwisho. Mimi nilimwamini tu, mwanamke asiye na shahada. Kosa ni lake."

"Katibu," akasema Nalva, kwa sauti ileile ya kuuliza swali dogo, "naomba liandikwe hivyohivyo alivyotamka. Marinalva Dantas, mwanzo hadi mwisho."

Socorro, katibu wa jopo, alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Socorro akaandika.

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa, Bi Nalva."

Ndipo alipofungua mkoba wake. Akatoa kadi mbili za zamani zilizokuwa za manjano pembeni, akatembea nazo taratibu mpaka mezani, akampa Dokta Werneck. Mzee akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Nadhani naye alikuwa mtu wa kadi enzi zake.

"Marinda," akasoma ya kwanza. Kisha ya pili, midomo ikicheza. "Hapa uwiano wa maumbo unafuata upana. Hii ni sahihi kabisa. Hii ndiyo iliyoondolewa?"

"Ndiyo, Daktari. Bunda zima liko stoo kwangu, kadi elfu moja na mia mbili, zimefungwa kwa uzi. Mwanzo hadi mwisho. Profesa mwenyewe amesema."

Otacílio akaketi. 

Jopo likajifungia dakika ishirini. Waliporudi, kumbukumbu ya kikao ikasomwa kwa sauti, kama sheria inavyotaka, mbele ya watu wote waliosimama. Socorro ana sauti nzuri ya kanisani. Alisoma kwamba mtahiniwa hakufaulu. Alisoma kwamba mtahiniwa ametamka kuwa programu iliyotumika iliandikwa na Marinalva Dantas, mwanzo hadi mwisho. Alisoma habari ya kadi namba 412. Kisha kalamu ikapitishwa, watahini watano wakatia sahihi, na mwisho ikamfikia mtahiniwa, kwa sababu naye lazima asaini. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake nikizima mtambo. Kalamu ilikuwa inacheza kwenye vidole vyake.

"Mkono unatetemeka, Profesa," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Punguza cachaça."

Akasaini. Miezi miwili baadaye nilihamishwa maabara, nikapelekwa kutengeneza pampu za maji. Aliyetia sahihi uhamisho wangu ni rafiki wa Profesa wa kula naye. Cheo chake cha zamani hakuna aliyemvua, na Nalva alibaki stoo. Mtu asifikiri walimwita juu wakampa kiti. Lakini chuo hakikuweza tena kuitumia programu ile kwenye jambo lolote bila kuandika ni ya nani, na Otacílio aliupita ubao wa matangazo ilikobandikwa ile kumbukumbu kila asubuhi ya kazi, mpaka alipostaafu. Wakati mwingine nilikuwa nachelewesha pampu zangu makusudi ili nimwone anavyoipita.

Siku ile, watu walipokuwa bado hawajui kama ni halali kula keki ya mtu aliyefeli, Nalva alikwenda moja kwa moja mezani akajipakulia canjica bakuli tele. Nikamfuata. Nikamuuliza alijuaje kwamba Profesa atasema.

"Nilitoboa kadi zake miaka kumi na tano," akasema, akinyunyiza mdalasini. "Programu ikienda vizuri, ni yake. Ikienda vibaya, 'muulizeni yule wa kadi'. Kila mara, Biu. Zuri langu asingelipa jina langu hata mbele ya Mungu. Nikawa nangoja apate baya."

Akala kijiko kimoja, akafumba macho kuionja. Profesa alikuwa bado amekaa mbele, peke yake, anakusanya karatasi zake.

"Mpelekee bakuli," akaniambia. "Mwambie imetoka kwa cherehani."

Nikampelekea.